Hisia Zilikuwa Zangu, Maelezo Yalikuwa Yake

Siku niliyotimiza miaka 33 nilifanya hesabu ambayo sikuwa nimekusudia kuifanya: huo ndio uliokuwa umri wa yule niliyempenda ujanani tulipokutana, nami wakati huo nilikuwa na miaka 17. Jioni hiyo nilikuwa nimeketi mezani na binti wa rafiki yangu, mwenye miaka 17 vilevile, nikimsaidia kazi ya shule. Alikuwa ametafuna kifuniko cha kalamu yake hadi kikawa bapa, na kila alipomaliza kujibu swali aliinua macho haraka kutazama kama nimeridhika. Nikajaribu, kwa makusudi, kuwaza jinsi mtu wa umri wangu angeutazama uso ule na kumwona mwenzi wa maisha. Nilishindwa. Kwa miaka mingi nilikuwa nimesimulia habari zetu kama kisa cha watu wawili waliopendana wakati usiofaa, na kisa hicho kikavunjika palepale mezani bila mtu yeyote kuniambia neno.

Kuzinduka kwa namna hii ni jambo la kawaida kwa watu waliopendana ujanani na mtu aliyewazidi umri kwa mbali, na sababu yake si ya ajabu. Kijana wa miaka 17 anajua kwamba 33 ni zaidi ya 17, lakini hajui miaka hiyo ya katikati imebeba nini: kazi, madeni, kuachana na kupatana na watu, kujifunza ni maneno gani humliza mtu na ni yapi humrudisha. Hayo atayajua akishafika. Ndiyo maana maonyo ya wazazi, hata yakiwa ya kweli, mara nyingi hayaingii. Yanataja kitu ambacho msikilizaji bado hana pa kukiweka.

Katika makala haya nitatumia "yeye" bila kutaja jinsia, jambo ambalo Kiswahili kinaliruhusu bila taabu, kwa kuwa hila ninazozieleza si mali ya wanaume peke yao wala wanawake peke yao. Swali linalonishughulisha ni hili: mtu afanyeje anapotaka kuyatathmini upya mapenzi ya aina hiyo bila kujidanganya, yaani bila kuendelea kuyapamba na bila kuyapaka masizi kila mahali? Jibu langu ni kwamba ndani ya mapenzi hayo mlikuwa na vitu viwili vilivyofungwa katika furushi moja. Kulikuwa na hisia, na hizo zilikuwa za kijana mwenyewe, tena za kweli. Kulikuwa pia na maelezo ya hisia hizo: haya ni mapenzi ya namna gani, kwa nini lazima yafichwe, na yanapoumiza, nani mwenye kosa. Maelezo hayo yalitungwa na mtu mzima. Kutathmini upya ni kulifungua furushi na kuona kipi kilikuwa cha nani.

Tuanze na umri wenyewe, maana hapo ndipo mabishano mengi hukwama. Pengo la miaka 16 si kosa kwa lenyewe. Mtu wa miaka 40 na mwenzake wa miaka 56 wana pengo hilohilo, na huenda hakuna mwenye haja ya kulihoji. Tatizo ni mahali pengo lilipoangukia. Utafiti wa mwanasaikolojia wa Marekani Laurence Steinberg na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba uwezo wa kufikiri kwa utulivu na kupima hoja hufikia kiwango cha watu wazima mnamo umri wa miaka 16, ilhali uwezo wa kujizuia, kuona mbali na kupinga shinikizo la wengine huendelea kukua hadi mtu akiwa na miaka ishirini na kitu. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kujitawala huko, ni miongoni mwa sehemu za mwisho kukomaa. Matokeo hayo yananisaidia kuielewa kauli ambayo mimi mwenyewe niliirudia kwa miaka mingi: "Nilikuwa na akili zangu timamu, nilijua ninachokifanya." Ni kweli nilikuwa na akili zangu timamu. Ningeweza kujadili jambo lolote naye na pengine kumshinda kwa hoja. Nilichokuwa sina ni ule uwezo mwingine, wa kusema hapana huku moyo unadunda na mtu ninayemtukuza ananitazama, na huo ndio uliokuwa ukihitajika.

Sasa tuje kwenye maelezo, na kwanza kabisa kwenye sifa. Waswahili husema mtu amevishwa kilemba cha ukoka, yaani amesifiwa kwa uongo hadi akajiona. Sifa iliyo maarufu kuliko zote katika mapenzi ya namna hii ni "wewe umekomaa kuliko wenzako", na inafaa kuichunguza kwa makini, maana inafanya kazi tatu kwa pamoja. Inamtenga kijana na rika lake, kwa kuwa aliyeambiwa kuwa wenzake ni watoto huona aibu kukaa nao. Inajibu mapema swali ambalo watu wangeliuliza, yaani kwa nini mtu wa miaka 33 hapati mwenzi wa umri wake. Jibu limekwisha kupatikana, nalo linampendeza kijana mno: kwa sababu mimi ni wa pekee. Kazi ya tatu ndiyo yenye madhara makubwa zaidi. Mtu akishapewa ukomavu kama tuzo, anaweza kunyang'anywa. Siku nilipolalamika kwamba amenisubirisha kwa saa tatu, hakukana wala hakuomba radhi, alisema kwa upole, "Sikutegemea utoto huu kutoka kwako." Nikanyamaza. Tangu hapo kila malalamiko yaliyonijia niliyapima kwanza kwa mizani hiyo, na mengi niliyameza.

Pili ni siri. Methali yasema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, lakini yetu yalifichwa kwa miezi 14, na nilifundishwa kuiona siri hiyo kuwa ulinzi wa kitu cha thamani: "Watu hawatatuelewa." Hapa kuna tofauti inayofaa kushikwa vizuri. Faragha ni haki ya wapenzi wote, na haimfungi mtu mdomo anapoumia. Siri humfunga. Njia rahisi ya kuzitambua ni kuuliza, kama habari ingejulikana, nani angepoteza nini. Mimi ningekaripiwa nyumbani. Yeye angepoteza heshima, pengine na kazi. Hata hivyo ni mimi niliyebebeshwa wajibu wa kutunza siri, na nikaambiwa kuwa huo ndio uaminifu.

Tatu ni kile kinachofanana na uhuru. Kila mara niliambiwa nichague mwenyewe, na kwa kweli sikumbuki hata mara moja nikiamrishwa. Lakini chaguo lisilompendeza lilikuwa na gharama. Niliwahi kwenda kwenye sherehe ya wanafunzi wenzangu badala ya kwenda kwake, na baada ya hapo kukawa kimya cha siku nne: simu haipokelewi, ujumbe haujibiwi. Siku ya tano alikuja anacheka, ana zawadi, kana kwamba hapakuwa na jambo. Niliomba radhi kabla hata sijajua kosa langu, na furaha niliyoisikia alipoikubali radhi hiyo ilikuwa kubwa kuliko furaha yoyote ya sherehe.

Furaha hiyo inahitaji maelezo yake, kwa sababu ndiyo inayowachanganya watu wakubwa wanapoitazama nyuma. Husema: "Sijawahi kupenda tena namna ile, basi lazima yalikuwa mapenzi makubwa." Mwaka 1957 wanasaikolojia Charles Ferster na B. F. Skinner walichapisha matokeo ya majaribio yao marefu juu ya njiwa na wanyama wengine wa maabara. Ndege aliyepewa punje kwa nyakati zisizotabirika aliendelea kudonoa kwa bidii muda mrefu hata baada ya punje kukoma, kuliko yule aliyezoea kuipata kila anapodonoa. Binadamu si njiwa, lakini kanuni hii imeonekana kwetu pia, na kila mcheza kamari ni shahidi wake. Mwaka 1981 wanasaikolojia Donald Dutton na Susan Painter walieleza kwamba mtu hushikamana kwa nguvu isiyo ya kawaida na anayemuumiza pale mambo mawili yanapokutana: mmoja awe na nguvu nyingi kuliko mwenzake, na wema ubadilishane na maumivu bila mpangilio. Ukubwa wa hisia, basi, haupimi ubora wa mapenzi. Unaweza kupima tu jinsi ambavyo mtu hakujua kesho itakuwaje. Naandika hivi huku nikikiri kwamba moyo wangu ulichukua muda kuikubali sentensi hiyo kuliko akili yangu.

Kwa nini basi hatukuona? Sehemu ya jibu ni kwamba hatukuwa na maneno. Mwanafalsafa wa Uingereza Miranda Fricker, katika kazi yake ya mwaka 2007 juu ya dhuluma zinazohusu ujuzi, alieleza hali ambayo mtu hupatwa na jambo lakini jamii yake haina dhana ya kulielewa, hivyo hawezi kulieleza hata kwake mwenyewe. Mfano wake mmoja ni wa wanawake waliokusanyika mwaka 1975 huko Ithaca, katika jimbo la New York, kutafuta jina la mambo waliyofanyiwa kazini na wakubwa wao. Kila mmoja alikuwa na kisa, na hakuna aliyekuwa na neno. Neno walilolipata ndilo tunalolitafsiri leo kama unyanyasaji wa kingono, na baada ya kupatikana kwake mambo yaliyokuwa yakiitwa utani yakaanza kuonekana yalivyo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kumfanya mtu aitilie shaka akili yake mwenyewe, jambo ambalo Kiingereza kililipa jina kutokana na tamthilia ya mwaka 1938, ambamo taa za gesi nyumbani hufifia na mume humshawishi mkewe kuwa ni yeye anayerukwa na akili. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa udhibiti wa polepole usioacha alama mwilini. Mwanasosholojia wa Marekani Evan Stark aliueleza kwa kina mwaka 2007, na mwaka 2015 sheria ya Uingereza na Wales ikaufanya kuwa kosa la jinai katika uhusiano wa wapenzi na wa familia. Kiswahili chetu hakikuwa maskini hapa. Tuna kurubuni, kughilibu, kuhadaa, kumweka mtu kiganjani. Ila maneno haya tuliyasikia yakitumika kwa matapeli na kwa watoto wadogo, na kijana aliyeambiwa amekomaa hawezi kudhani kwamba yeye ndiye anayerubuniwa.

Hapa huibuka pingamizi zito, nalo haliwezi kupuuzwa. Mtu atasema: ulikuwa na furaha wakati ule, leo umejifunza maneno mapya, na sasa unayaandika upya yaliyopita. Ni kweli kwamba kumbukumbu si sanduku lililofungwa. Mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge alionyesha tangu mwaka 1932 kwamba tunapokumbuka tunajenga upya, tukitumia vifaa vya leo. Mwaka 1974 watafiti Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani yalipogongana; walioulizwa kwa neno kali walikadiria mwendo mkubwa kuliko walioulizwa kwa neno la kawaida, na wiki moja baadaye wengi zaidi miongoni mwao walisema wameona vioo vilivyovunjika, ingawa havikuwapo. Mtu anayejitathmini anapaswa kuogopa vioo hivyo. Maneno makali aliyoyapata ukubwani yasimwongezee matukio ambayo hayakuwapo.

Lakini pingamizi hilo linachanganya mambo mawili. Kubadilisha tukio ni jambo moja, na kubadilisha maana ya tukio ni jambo lingine. Alinyamaza siku nne: hilo ni tukio, nami nililiandika wakati uleule. Nililiita "kunifundisha subira", na leo naliita adhabu. Tukio halijasogea hata kidogo. Aliyeuziwa shamba lisilo la muuzaji hakuwa mwongo alipofurahia hati yake, wala hawi mwongo anapogundua baadaye kwamba hati ni bandia. Furaha ilikuwa ya kweli, hati haikuwa. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeifanya kazi hii ni kuanza na vilivyoandikwa, kama vipo: barua, ujumbe wa simu, shajara, tarehe nyuma ya picha. Asome kwanza nani alifanya nini na lini, na majina ayaweke baadaye.

Mimi nina daftari la jalada la kijani la mwaka ule. Kilichonishtua nilipolifungua si habari zake, kwa kuwa nilizikumbuka karibu zote. Nilishtushwa na lugha. Kwa mwandiko wangu wa kitoto, wenye nukta kubwa juu ya kila herufi i, nilikuta nimeandika kwamba ninajitahidi "kuacha tabia ya kuwategemea watu kihisia" na kwamba "wivu ni dalili ya nafsi isiyokua". Hakuna mwanafunzi wa miaka 17 niliyemfahamu aliyezungumza hivyo. Zilikuwa sentensi zake, neno kwa neno. Kurasa nyingi zimejaa yeye akizungumza kwa mkono wangu.

Kuna kisa cha hadharani kinachoonyesha jinsi suala hili la nani ameshika kalamu lilivyo zito. Vanessa Springora wa Ufaransa alikuwa na miaka 14, katikati ya miaka ya 1980, alipoingia katika uhusiano na mwandishi mashuhuri aliyekuwa anakaribia miaka 50. Mwandishi huyo alimwingiza katika vitabu vyake mwenyewe, na kwa zaidi ya miaka thelathini simulizi iliyochapishwa ilikuwa ya upande mmoja. Januari 2020 Springora alichapisha ya kwake. Kitabu hicho kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea mjadala mkali, na Aprili 2021 Ufaransa ikapitisha sheria inayosema kwamba mtoto wa chini ya miaka 15 hawezi kuhesabiwa kuwa ameridhia kufanya ngono na mtu mzima anayemzidi kwa angalau miaka mitano. Sheria, hata hivyo, huchora mstari mahali fulani, na mistari hiyo hutofautiana nchi hadi nchi. Uhusiano unaweza kuwa upande wa halali wa mstari na bado ukawa wa hila tangu mwanzo. Aliyekuwa chini ya umri wa kisheria ana sababu ya kumwona mwanasheria, tena mapema, kwa kuwa nchi nyingi huweka ukomo wa muda wa kufungua shauri. Kwa wengine kazi hii hufanyika nje ya mahakama.

Upande wa pili pia una haki yake ya kusemwa. Si kila mpenzi aliyetuzidi umri alikuwa mlaghai, na umri peke yake hautoshi kutoa hukumu. Wapo waliotutangaza kwa jamaa zao, waliotuhimiza tumalize masomo hata kama ni mbali nao, waliokubali "hapana" bila kutulipisha. Wapo pia waliokuwa wabinafsi na wazembe tu, wasio na mpango wowote, na ambao madhara yao yalikuwa makubwa vilevile. Sioni faida ya kukesha tukitafuta nia iliyokuwa ndani ya kichwa cha mtu mwingine. Swali lenye majibu ni lile la mwenendo: nilipokataa, kilifuata nini? Nilipokua, alifurahi au alitafuta namna ya kunirudisha udogoni? Mpenzi wangu alianza kunichoka nilipotimiza miaka 19, na nilipojua baadaye kwamba aliyenifuata alikuwa na miaka 17, nilihuzunika sana, kisha, kwa aibu yangu, nikaona wivu.

Naitaja aibu hiyo kwa kuwa hisia zinazokuja na tathmini hii hazifuati adabu. Mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza mwaka 1957 kwamba mtu akigongana na ukweli usiolingana na aliyoyatenda, hutafuta nafuu kwa kuirekebisha imani yake. Mimi nilikuwa nimewaacha marafiki wawili na nafasi moja ya masomo kwa ajili ya mapenzi yale. Kwa gharama hiyo ilinibidi niamini kwamba yalikuwa makubwa. Kuacha kuamini hivyo kulinidai nilie mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya vilivyopotea, na mara ya pili kwa ajili ya kisa chenyewe, ambacho kilikuwa kimenipamba. Watu wakasema majuto ni mjukuu. Methali hiyo humhusu aliyeonywa akapuuza, na kwa maoni yangu haimfai aliyefundishwa kwa ustadi kutolisikia onyo.

Wengi huuliza kama inafaa kumtafuta mtu huyo na kumwambia. Sina kanuni, ila nina tahadhari. Mwanasaikolojia Jennifer Freyd alieleza mwaka 1997 mwenendo unaojirudia kwa watu wanaokabiliwa na makosa yao ya namna hii: hukana, humshambulia anayesema, kisha hugeuza kibao ili yeye aonekane ndiye aliyedhulumiwa. Anayekwenda akitumaini kukubaliwa anaweza kurudi na maelezo mengine mapya juu ya mambo ya zamani. Afadhali kwanza kumwambia mtu asiye na hisa katika jibu, awe mshauri nasaha au rafiki anayeweza kusikiliza bila kuharakisha hukumu. Rafiki yangu niliyemwacha nikiwa na miaka 17 alinisikiliza kwa saa mbili, kisha akasema kwamba wakati ule alikuwa akinipigia simu kila Jumapili, nami sikuwa nikipokea. Sikulikumbuka hilo kabisa.

Usiku huo nililifungua tena daftari la kijani, safari hii nikizipita sentensi zake na kutazama zaidi pembeni mwa kurasa. Kwenye ukurasa mmoja wa Agosti, chini ya aya ndefu juu ya nafsi na ukuaji, kuna maneno manne ya penseli, madogo, yaliyoandikwa kama mtu anayeogopa kusikika: "Leo mimi sikutaka kwenda." Hayo hakuna aliyenifundisha.